Sulhu ya Ukurasa wa Nne

Neno la kwanza lililonitia aibu kazini lilikuwa "tajiri". Naanza nalo kwa sababu linachekesha, na mengi nitakayokusimulieni baadaye hayachekeshi.

Nyinyi mnaoanza sasa kazi hii ya kukaa baina ya wakili na mteja mtanifahamu upesi. Nilifanya kazi ya ukarani na tafsiri katika ofisi ya wakili mmoja pale Ruwi mpaka macho yakaanza kukataa herufi ndogo. Wakili wetu tulimwita Ustadh Nasor. Alikuwa Mwarabu wa huku huku, mtu wa Nizwa, hajui Kiswahili ila "karibu" na "pole pole". Wateja wengi walinijia mimi kwanza: watu wetu waliotoka Unguja na Pemba, wanaoongea Kiarabu cha dukani na cha msikitini lakini ukiwawekea waraka wa mahakama mbele wanatafuta miwani ambayo hawanayo. Tena walikuja Wakenya, ambao Kiarabu chao kilianzia na kuishia kwenye "yalla" na "khalas".

Basi siku moja akaja kijana wa Kikenya, kocha wa mazoezi kule Madinat Sultan Qaboos. Alikuwa amekopa benki, kisha mshahara wake ukapunguzwa. Alisoma kwenye simu kwamba mtu anaweza kutangazwa muflisi, deni likafutwa, akaanza upya. Ustadh Nasor akamsikiliza, akasema kwa Kiarabu kwamba sheria ya kufilisika inamhusu "tajir". Nami bila ya kupumua nikatafsiri, "Wakili anasema sheria hii ni ya matajiri."

Kijana akanitazama, akaitazama feni ya juu, akanitazama tena. "Madam," akasema, "mimi ningekuwa tajiri ningekuja hapa kufanya nini?"

Ustadh Nasor aliponiona nimekuwa mwekundu akataka kujua kuna nini. Nilipomwambia alicheka mpaka akavua miwani. Tajir kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu, hata akiwa hana kitu mfukoni. Kwetu sisi tajiri ni mwenye mali. Neno limevuka bahari likafika kwetu limebadilisha nguo. Yule kijana hakuwa mfanyabiashara, alikuwa mwajiriwa, na njia yake ilikuwa nyengine kabisa: kwenda kuzungumza na benki kabla haijashitaki, na ikishashitaki, kuuthibitishia upande wa utekelezaji wa hukumu kwamba hana uwezo, akaomba kulipa kidogo kidogo kwa kadiri ya mshahara. Kwenye karatasi mtu kama huyo haitwi muflisi, anaitwa mu'sir, yaani aliyebanwa. Msiyachanganye mambo haya mawili. Ukimpeleka mwajiriwa kwenye mlango wa wafanyabiashara utampotezea miezi na ada, na mwisho ataambiwa arudi.

Kijana alipoondoka, Ustadh Nasor alivaa miwani yake akaniambia, "Salma, neno geni halina khatari, utaliuliza. Ukikuta Kiarabu na Kiswahili vina neno moja, hapo ndipo usimame." Nikasema naam. Niliandika hata kwenye daftari. Lile daftari ninalo mpaka leo, na ukurasa ule siufungui kwa hamu.

Sasa nikuelezeni kazi yenyewe, kwa sababu wengi wenu mtaulizwa, na mtu anayekuuliza atakuwa na deni shingoni.

Mfanyabiashara aliyeelemewa ana njia tatu. Ya kwanza ni kupanga upya. Hii ni ya mtu ambaye ameanza kuyumba lakini bado anasimama: anabaki na duka lake, anatengenezewa mpango, wataalamu wanautazama, anaendelea kuuza na kulipa. Wanaofaa njia hii hawaji. Wanaona aibu kusema wanayumba, wanasubiri mpaka waanguke, kisha ndio wanaleta faili. Ya pili ni sulhu ya kukinga. Maji yamefika shingoni, lakini mdaiwa ni mtu mwema na wadai wengi wako tayari kumvumilia. Mahakama inamweka mtu wa kusimamia, anaitwa amini, wadai wote wanafungwa na mapatano mamoja, na mdaiwa anakingwa asishitakiwe na huyu leo na yule kesho. Ya tatu ni kufilisika kwenyewe. Hapo mali inatoka mkononi mwako, amini anaiuza na kuwagawia wadai, na jina lako halifanyi tena biashara mpaka urejeshewe hadhi.

Watu huniuliza kama mtu anaweza kuhama kutoka njia moja kwenda nyengine. Anaweza. Kushuka ni rahisi sana, kosa moja linatosha kukutoa kwenye sulhu likakutia kwenye kufilisika. Kupanda ni kazi. Hata aliyefilisika anaweza kupatana na wadai wake akiwa humo humo ndani, lakini hapo wao ndio wanaokaa juu, wewe unakaa na kusubiri watakachosema. Kwa hivyo chungeni sana mtu wenu akiwa kwenye ile ya kati. Huko ndiko nilikompoteza mtu mimi.

Jina lake Khalfani. Mimi nilimwita Ami Khalfani, kwa umri wake na kwa kuwa alijuana na marehemu baba. Alikuwa na duka la jumla la vitunguu na mbatata kwenye soko la Mawaleh, na gari moja la barafu la kupelekea mboga mahotelini. Soko lilipohamishwa kwenda nje ya mji, wateja wake wa rejareja hawakumfuata. Alikwenda huko akakodi sehemu kubwa kuliko nguvu zake, akakopa kujaza bidhaa, na bidhaa za namna ile hazisubiri mtu.

Wadai wake walikuwa wengi lakini mmoja ndiye aliyekuwa akimnyima usingizi: Hamedi wa Bustan. Walizaliwa mtaa mmoja Unguja, wakaja huku wakiwa vijana, wakaoa mwaka mmoja. Hamedi alistaafu serikalini, akachukua kiinua mgongo chake chote akampa Khalfani bila ya karatasi. Mimi ndiye niliyemshauri Ami Khalfani amwandike Hamedi kwenye orodha. Hakutaka. Aliona kumwandika rafiki baina ya kampuni na mabenki ni kumvunjia heshima. Nilimwambia asipoandikwa atakuwa kama hajapata kumpa kitu. Akakubali kwa shingo upande, na jina likaingia la mwisho.

Ustadh Nasor aliitazama hesabu akaona njia ya pili inafaa. Gari la barafu lilikuwa ndilo roho ya mpango mzima: hoteli bado zilimtaka, gari lingefanya kazi, na kila mwezi fungu lingetoka la wadai wote. Wengi wa wadai wakakubali. Mahakama ikaridhia. Ikabaki kumsomea mzee masharti kwa lugha anayoielewa, atie saini.

Siku hiyo ilikuwa Alkhamisi, karibu na adhuhuri, na Ustadh Nasor alikuwa Suhar kwenye kesi. Nami nilikuwa na harusi ya mtoto wa dada yangu kule Sib, na mwenye kupaka hina alikuwa ameshanipigia mara mbili. Ami Khalfani akaja amevaa kanzu safi na kilemba, kama anayekwenda kuposa. Nikamsomea ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipofika wa nne akanyanyua mkono.

"Hii yote ndiyo sulhu?" akauliza.

"Ndiyo, Ami. Sulhu na wadai wako."

"Basi usijichoshe, mwanangu. Sulhu nnaijua mie. Nshawasuluhisha watu wangapi kwenye baraza yangu. Nipe kalamu."

Nami nikasema, "Haya yaliyobaki ni masharti ya kawaida." Nikageuza karatasi, nikamwonyesha pa kutia saini.

Ukurasa wa nne ulisema kwamba tangu siku ile mdaiwa haruhusiwi kumlipa mdai yeyote pembeni, wala kutoa, kuuza au kumpa mtu chochote kilichomo kwenye mpango bila ya ruhusa ya amini, na akifanya hivyo sulhu inaweza kuvunjwa. Mistari mitatu. Ningeisoma kabla mwenye kupaka hina hajapiga simu ya tatu.

Mnajua kwetu sulhu ni nini. Watu wawili wamegombana, wanakutanishwa, aliyekosa anamwendea mwenziwe nyumbani na kitu mkononi, wanakunywa kahawa, wanakumbatiana, mambo yamekwisha. Na anayeanzwa ni yule uliyemuumiza zaidi. Ami Khalfani alifanya hivyo hivyo. Alitoka ofisini kwetu na neno langu kichwani, na Jumamosi asubuhi akaliendesha gari la barafu mpaka Bustan. Akampa Hamedi funguo na karatasi aliyoiandika kwa mkono, kwamba gari ni lake kwa kile alichomkopesha. Hamedi alilia. Naye akachukua kalamu akaandika chini yake kwamba amelipwa na hana tena dai lolote juu ya Khalfani.

Kwa macho yao ilikuwa sulhu tamu kuliko zote. Kwa macho ya sheria mtu alikuwa amechukua roho ya mpango akampa mdai mmoja, na mdai mwenyewe rafiki yake.

Haikuchukua muda. Mmoja wa wadai, muuza vitunguu, aliliona gari kwenye mlango wa hoteli likiendeshwa na mtu mwengine akauliza. Amini akatuita. Alikuwa mtu mpole, mkaguzi wa hesabu mwenye sauti ya chini, na niliona wazi kwamba alikuwa anatafuta sababu ya kumpa mzee nafasi nyengine. Kama mdaiwa hakujua, angewaambia wadai kwamba ni kosa la mtu asiyefahamu, gari lingerudi, mpango ungeendelea. Kwa hivyo aliuliza swali moja tu, na aliniuliza mimi kwanza.

"Ulimtafsiria waraka wote?"

Ustadh Nasor alikuwa amekaa kulia kwangu. Ningesema la, ningelisema mbele yake, na mbele ya amini, na jina la ofisi likiwa juu ya kila karatasi. Nikasema, "Naam, nilimtafsiria."

Amini akageuka kwa Ami Khalfani. "Muulize kama aliambiwa kwamba haruhusiwi kutoa kitu."

Nikalazimika kumuuliza kwa ulimi wangu mwenyewe. "Ami, anauliza kama uliambiwa kwamba huruhusiwi kutoa kitu."

Mle chumbani tuliojua Kiswahili tulikuwa wawili tu. Angeweza kunambia lolote. Angeweza kusema, "Salma, mbona hukunambia?" na hakuna ambaye angejua ila mimi. Alinitazama kidogo hivi, hakunitazama kwa hasira. Kisha akasema, "Mwambie nshaambiwa."

Nikatafsiri. Ile ndiyo tafsiri sahihi kuliko zote nilizopata kufanya, neno kwa neno, na ilikuwa uwongo mtupu.

Sulhu ikavunjwa. Ami Khalfani akashushwa kutoka njia ya pili mpaka ya tatu kwa saini moja. Gari likafuatwa Bustan, likatolewa uani kwa Hamedi mchana, majirani wamesimama milangoni. Hamedi hakufahamu habari ya mpango wala amini. Alichokifahamu ni kwamba Khalfani alimpa gari ambalo hakuwa na haki ya kulitoa, na akaondoka na karatasi ya kumsamehe deni mfukoni. Dai lake lilirudishwa kwenye orodha, karatasi ile haikuhisabiwa, akapata fungu lake kama wengine, nalo lilikuwa dogo. Lakini hilo halikumwingia kichwani. Alisema amelaghaiwa na mtu aliyekula naye sahani moja. Tangu siku ile hakutaka kusikia jina la Khalfani.

Nyinyi mtasema mbona sikumwambia Ustadh Nasor. Nilimwambia, baada ya miezi. Hakupaza sauti. Aliniambia kwamba tangu sasa hakuna mteja atakayetia saini mpaka mteja amweleze yeye wakili masharti kwa maneno yake mwenyewe, nami nimtafsirie yale maneno. Tukafanya hivyo mpaka nilipostaafu. Ni njia nzuri, ichukueni. Usimuulize mtu, "Umefahamu?" Kila mtu atasema amefahamu, hasa mzee, hasa mbele ya mwanamke aliyesoma. Mwambie, "Hebu nieleze, kuanzia kesho utafanya nini na hutafanya nini?" Hapo ndipo utajua neno lako limeingia na maana gani. Ningemuuliza Ami Khalfani swali hilo, angenambia kwa furaha kabisa kwamba Jumamosi anakwenda Bustan.

Siku hizi mambo ni mepesi. Maombi yanapelekwa kwa simu, tarehe ya kikao inakujia kwenye ujumbe, hata wale wapiga chapa waliokuwa wakikaa karibu na mahakama na mwavuli wao sijui wamekwenda wapi. Mwanangu ameniwekea kitu kwenye simu kinachotafsiri kwa kupiga picha. Nilikijaribu kwa ukurasa ule wa nne, nina nakala yake. Kimeandika "sulhu". Hata chenyewe hakikusimama.

Nilipostaafu nilikwenda kumtazama Ami Khalfani Mawaleh, kwa mtoto wake, ambako alipewa chumba cha chini. Nilimkuta anachagua mchele kwenye sinia, miwani puani. Nikambusu mkono, nikakaa, nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia yote, harusi, hina, ukurasa wa nne. Nikamuuliza kwa nini alinisitiri.

"Ungefukuzwa," akasema. "Mie duka langu lilikuwa lishakwenda. Ya nini twende wawili?"

"Duka lingebaki, Ami. Amini alikuwa anataka kukusaidia."

Akaacha kuchagua mchele. Hilo hakuwa akilijua. Nililiona likimwingia, na nikatamani nisingelisema. Kisha akaendelea na sinia yake.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Wallahi nimekusamehe, wala usirudi tena kuniomba. Lakini Hamedi anajua kwamba mie mwizi. Mie nkenda hanifungulii mlango. Nenda weye, kamwambie kama ulivyonambia mie. Nnataka hilo tu."

Nikasema nitakwenda. Nilikusudia kwenda wiki ile ile. Kisha nikaona niende baada ya Ramadhani, watu wakiwa na nyoyo laini. Ilipopita Idi, mjukuu wangu akazaliwa. Kisha joto. Mara mbili nilifika njia panda ya Bustan, mara moja nikaiona mpaka paa ya hoteli kubwa iliyoko huko, nikageuza gari. Nilikuwa nikijiambia kwamba natafuta maneno mazuri. Sikuwa natafuta maneno, nilikuwa na aibu, na niliona kama aibu yangu inaweza kusubiri.

Ami Khalfani alifariki mwaka huu. Akazikwa Ijumaa baada ya swala. Watu walijaa, hata yule muuza vitunguu alikuja, hata amini alikuja akasimama nyuma. Mwanangu aliyekwenda makaburini aliniambia kwamba kila mtu alikuwa akigeuka kutazama njia. Hamedi hakuja.

Siku ya tatu nilikwenda Bustan. Safari hii gari halikugeuka. Hamedi alinipokea mwenyewe, mzee mrefu, akanimiminia kahawa kwenye kikombe kidogo. Nikamweleza kuanzia mwanzo. Nilipofika pale Khalfani aliposema, "Mwambie nshaambiwa," alifumba macho. Nilipomaliza nikamwambia kwamba Khalfani hakujua, kwamba alitoa gari kwa moyo safi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenituma nije nimwambie.

Hamedi akaweka dele la kahawa chini. Akafuta meza kwa kiganja pale ambapo hapakuwa na kitu.

"Alikutuma lini?" akaniuliza.

Wanangu, katika miaka yangu yote ya kazi nimeulizwa maswali na mahakimu na mawakili wakali. Hilo ndilo swali pekee nililotamani nisielewe lugha yake. Alikuwa ameuliza kwa Kiswahili, polepole, na swali lilikuwa langu, hapakuwa na mwengine wa kumtafsiria.

Nikamjibu kweli. "Kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi."